Owino Uhuru: Damu ya watoto ilivyogeuzwa kipimo cha risasi

Kufikia Januari 2006, nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye madini ya risasi, Kenya ikiwemo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilikuwa mstari wa mbele katika kampeni hiyo, na hoja yake ilieleweka na kila waziri: moshi wa magari ulikuwa ukiharibu ubongo wa watoto. Mwaka uliofuata, 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi iliyomo ndani yake kilianza kazi Mikindani, Mombasa, ukuta kwa ukuta na mtaa wa Owino Uhuru wenye watu wapatao 3,000. Madini yaleyale, nchi ileile.

Nimeanza na petroli makusudi. Kisa hiki kikizungumzwa, hakosekani mtu wa kusema kwamba wakati ule watu hawakujua. Nani hakujua? Mtaani ni kweli hawakujua. Serikalini walijua vya kutosha kubadilisha mafuta ya nchi nzima. Kwa hiyo swali la Owino Uhuru haliko kwenye elimu ya kemia. Liko kwenye namna jamii inavyoamua hatari ipi ni ya kushughulikiwa na ipi ni ya kusubiriwa.

Petroli ilikuwa na bahati tatu. Ilivutwa na kila mtu, hata mtoto wa mkubwa aliyekaa ndani ya gari lililofunga vioo. Ilipita kwenye mikono michache, yaani waagizaji na mtambo wa kusafisha mafuta pale Changamwe, ambako si mbali na Mikindani, hivyo ukibadilisha pale umebadilisha kote. Tena ilikuwa na mbadala uliokwisha kuzoeleka duniani. Kiwanda cha betri hakikuwa na hata moja kati ya hizo. Moshi wake uliishia kwa majirani, na majirani walikuwa wapangaji wa vyumba vya mabati kwenye ardhi isiyo na hati.

Inafaa kueleza kidogo kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi tunaitupa betri bila kujua inaishia wapi. Ndani ya betri ya gari mna vibamba vya risasi vilivyozama kwenye asidi ya salfuriki, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Hata ikifa haiishi thamani, ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu huipima kwa kilo. Kiwandani kasha linapasuliwa, asidi inamwagwa, vibamba vinatiwa tanuruni. Risasi safi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu, lakini ile iliyokwisha kugeuka salfeti na oksaidi hudai moto mkali zaidi na makaa ili irudi kuwa metali. Hapo ndipo vumbi laini na moshi hutoka. Kiwanda chenye vichujio vya maana hulikamata vumbi hilo na kulirudisha tanuruni, kwa sababu nalo ni mali. Kisicho navyo hulipeleka kwa jirani.

Owino Uhuru ilipelekewa kwa njia zaidi ya moja. Moshi wenye asidi uliyala mabati ya nyumba hadi yakatoboka. Maji machafu ya kiwanda yalipita katikati ya makazi, watoto wakiyaruka kwenda kucheza. Wafanyakazi wengi walikuwa wakaazi wa hapohapo, wakarudi jioni na vumbi kwenye nguo, na nguo hizo zikafuliwa kwenye karai lilelile la nyumbani. Mtaa ulipata ajira na sumu kutoka mlango mmoja, jambo lililowafanya baadhi ya watu wasite kulalamika. Mwenye njaa humlaumu vipi anayemlipa?

Risasi ikishaingia mwilini hujipenyeza kama kalsiamu. Huzunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa, kisha hujificha kwenye mifupa na kukaa humo miaka mingi. Mama akipata mimba, mwili wake unapochota kalsiamu mifupani ili kumjenga mtoto, risasi nayo hutoka. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza kutokana na kiasi kilekile kilichomezwa, na mtoto ndiye anayetambaa mchangani na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa mpeleke mtoto huyo zahanati yoyote ya Mombasa. Ana maumivu ya tumbo, hana hamu ya kula, analialia, macho yamefifia kwa upungufu wa damu. Mwingine ana degedege. Tabibu anamtazama na kichwani mwake tayari kuna majina matatu: malaria, homa ya matumbo, minyoo. Wala si mzembe. Ukanda wa pwani una malaria, na kwa wagonjwa kumi wanaoingia mlangoni na dalili hizo, kuanza na malaria ni busara. Kipimo kinatoka hasi, dawa zinaandikwa hata hivyo, mama anarudi nyumbani, na nyumbani ndiko iliko sumu. Hakuna fomu ya zahanati inayouliza unaishi karibu na kiwanda gani. Ugonjwa wa risasi haukosi dalili, ila dalili zake zote zimekwisha kukodishwa na magonjwa mengine.

Hatari za aina hii hutofautiana na mafuriko au ukame kwa jambo hilo. Mafuriko yanajitangaza yenyewe. Risasi haina harufu, haina rangi kwenye maji, na madhara yake makubwa hayana hata kidonda: mtoto anachelewa kusema, anashindwa kutulia darasani, anaitwa mjinga. Bila mtu wa kupima, kisheria na kisiasa hatari hiyo ni kama haipo. Kwa hiyo anayeshika kipimo ndiye anayeamua kama kuna janga, na kwa miaka kadhaa Owino Uhuru hakuna aliyekishika.

Aliyekuja kukishika alitoka ndani ya kiwanda. Phyllis Omido aliajiriwa mwaka 2009 kushughulikia uhusiano na jamii, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Akishirikiana na wataalamu, alifikia hitimisho kwamba kiwanda kiko karibu mno na makazi na kinapaswa kuhamishwa. Tanuru wakati huo lilikuwa tayari linawaka. Uongozi haukuupenda ushauri huo, akaondolewa kwenye kazi hiyo. Kisha mwanawe mchanga akaugua. Yalitafutwa magonjwa ya kawaida, hayakupatikana, mpaka damu ilipopimwa risasi. Kwa maelezo yake, mtoto aliipata kwenye maziwa ya mama. Watoto wengine watatu wa mtaani walipopimwa, nao wakakutwa nayo.

Hebu tukae hapo kidogo. Tathmini ya mazingira ni chombo ambacho dola ya kisasa imekibuni ili hatari ipimwe kwenye karatasi kabla ya kupimwa kwenye mwili. Sheria ya Kenya ya usimamizi wa mazingira, EMCA ya mwaka 1999, inaidai kwa miradi ya namna hii, na inataja pia kanuni ya tahadhari na kanuni ya mchafuzi kulipa. Chombo kilikuwapo. Lakini hapa kilifanya kazi ya kuhalalisha kilichokwisha kujengwa, na kilipotoa jibu lisilotakiwa, jibu liliwekwa kando kwa urahisi kwa sababu aliyeajiri mwandishi wa ripoti ndiye aliyekuwa akitathminiwa. Mimi sioni kama huo ulikuwa uovu wa kiwanda kimoja. Ni muundo. Popote mwenye mradi anapomlipa mtathmini, ripoti itaelemea upande wa mfuko.

Upande wa pili kulikuwa na EPZ, mpango wa maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje, ulioanzishwa kwa sheria ya 1990 kuvutia wawekezaji. Kiwanda kilisajiliwa chini yake. Ukiisoma kama mchumi, hesabu inapendeza: betri chakavu zinaingia, vipande vya risasi vinatoka kwenda ng'ambo, fedha za kigeni zinaingia. Kinachobaki nchini hakimo kwenye hesabu hiyo. Mamlaka ya EPZ ilihesabu mauzo. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilishughulikia leseni. Wizara ya Afya ilihesabu wagonjwa waliofika na jina la ugonjwa. Kaunti ilikuja baadaye na majukumu yake. Kila ofisi ikiulizwa, ilikuwa na kipande chake na kipande hicho kilikuwa na muhuri. Hakuna hata moja iliyokuwa na kazi ya kusimama kwenye kichochoro cha Owino Uhuru na kuangalia vipande vyote vikikutana kwa mtoto mmoja.

Kiwanda kilifungwa na kufunguliwa tena zaidi ya mara moja. Mwaka 2012 Omido alikamatwa baada ya maandamano, akashtakiwa kwa uchochezi, na baadaye mahakama ikamwachilia. Vitisho havikukosekana. Shirika lake, Center for Justice, Governance and Environmental Action, liliendelea kuandika barua kwa kila ofisi iliyokuwa na sanduku la posta, hadi suala likafika Seneti. Mapema 2014 tanuru likazimwa kabisa. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na hapo ndipo magazeti ya ng'ambo yalipojifunza jina la mtaa.

Baada ya kufungwa, watafiti wa afya walifanya jambo ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote katika faili hili. Walichukua damu za watoto wa chini ya miaka mitano wa Owino Uhuru, kisha wakachukua za watoto wa Bangladesh, mtaa mwingine wa mabanda katika eneo hilohilo. Umaskini uleule, hewa ya Mombasa ileile, tofauti kubwa ikiwa ukaribu na kiwanda. Wastani wa risasi kwa watoto wa Owino Uhuru ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa wenzao. Udongo nao ulionyesha pengo hilo, tena kubwa zaidi. Na haya ni matokeo ya baada ya tanuru kuzimwa, wakati damu ilikuwa imeshaanza kujisafisha na kilichobaki kikiwa cha mchangani na mifupani. Waliougua vibaya zaidi mwaka 2010 au 2011 hawamo kwenye jedwali hilo, maana wengi wao hawakupimwa wakati huo.

Kwa kulinganisha mitaa miwili tu, ile hoja ya kwamba watoto wa mabandani huugua kila mara ikaanguka. Utafiti huo haukuhitaji teknolojia ambayo haikuwapo mwaka 2008. Ulihitaji mtu mwenye mamlaka aone sababu ya kuufanya. Na sababu ilikuwapo: kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, Senegal, kwa sumu ya risasi iliyotokana na betri zilizopasuliwa mtaani. Wataalamu wa kimataifa walikwenda kuchunguza, taarifa ikasambaa. Wakati huohuo Mikindani tanuru lilikuwa linawaka.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2016 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa. Wanaharakati waliegemea Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 ndicho kinachonivutia zaidi. Kinasema anayekwenda mahakamani kudai haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Waandishi wa Katiba walikuwa wamekwisha kuona ugumu wa hatari za namna hii, kwamba ukisubiri mwathiriwa aje na cheti, utakuwa umechelewa. Wakauondoa mzigo huo mabegani mwake. Lakini hiyo ni haki ya kusimamisha uchafuzi. Ukija kwenye fidia, maswali ya kizamani hurudi: nani ameumia, kiasi gani, na una hakika gani kwamba ni kwa sababu hii?

Kwa risasi maswali hayo yana ukatili wake. Kitakwimu unaweza kusema watoto wa mtaa huu wamepoteza sehemu ya uwezo wao wa akili. Huwezi kumshika mmoja na kusema huyu angekuwa wa tatu darasani badala ya thelathini. Sayansi inazungumza kwa jumla, sheria ya madai imezoea mtu mmoja na jeraha moja.

Julai 2020 mahakama iliamua kwa upande wa wakaazi. Iliagiza fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kusafishwa kwa mazingira ya eneo hilo, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Lililowashtua wengi ni mgawanyo wa lawama. Mzigo mkubwa kuliko wote, asilimia 40, uliangukia NEMA, kuliko hata kiwanda chenyewe. Niliwasikia watu wakilalamika kwamba hapo mwizi ameachwa na askari amefungwa. Siafiki. Kiwanda kilifanya kile ambacho biashara isiyochungwa hufanya, na kinapaswa kulipa sehemu yake. Lakini mdhibiti ndiye pekee aliyekuwa na leseni mkono huu na malalamiko mkono huu, na sheria ilimpa uwezo wa kufunga. Raia analipa kodi ili asilazimike kujifunza kemia ya betri. Akiyeyusha risasi mtu bila kibali, hilo ni kosa la mtu. Akiyeyusha chini ya pua ya mwenye kibali cha kukataza, kosa limehamia ofisini.

NEMA ikakata rufaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile fidia, na mtaani ikasikika kama miaka yote imefutwa kwa siku moja. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kutoka tanuru lilipowashwa hadi hukumu ya mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa 2007 alikuwa anakaribia kupata kitambulisho.

Kuna pingamizi moja ambalo si la kupuuza, na wanaharakati wenzangu hawapendi kulisikia. Betri zitakwenda wapi? Matatu, lori, boda za umeme zinazotumia betri za aina hii, minara ya simu, na zaidi ya yote sola za majumbani, vyote vinazidisha betri chakavu kila mwaka. Ukifunga kiwanda kinachoonekana, biashara haifi. Inahamia uani, kwenye jiko la makaa na sufuria, na hapo ndipo Thiaroye ilipotokea: pale hapakuwa na kiwanda chenye lango la kubishwa hodi, palikuwa na mchanga na mikono ya watu. Kiwanda kikubwa kinaweza kuwekewa vichujio, kupimwa damu za wafanyakazi wake na kushtakiwa. Sufuria la uani haliwezi. Kwa hiyo anayesema "fungeni vyote" bila kusema betri ziende wapi anahamisha sumu kutoka anwani inayojulikana kwenda isiyojulikana. Ninachokiona kinafaa ni vituo vichache, mbali na makazi, na betri kurudishwa dukani kwa lazima unaponunua mpya, bei ya ile kuukuu ikikatwa papo hapo ili isiwe na faida kuipasua nyumbani.

Na gharama ya kupima iwekwe kwenye leseni. Kabla ya tanuru kuwashwa, udongo wa majirani upimwe na damu za watoto wachache zipimwe, kwa hiari ya wazazi na kwa maabara isiyolipwa na mwenye mradi. Kisha kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe mtoto akifikisha mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, na kwenye 45 linashauri matibabu ya dawa za kuiondoa. Nambari hizo mbili zingetosha kuwa masharti ya kibali: ya kwanza ikivukwa, uzalishaji usimame mpaka ieleweke kwa nini. Leo mkaguzi huangalia moshi na makaratasi, na vyote viwili hupangika siku ya ukaguzi.

Waliobaki Owino Uhuru wana jambo la karibu zaidi. Hukumu ya Mahakama ya Juu imerudisha fedha, na namna zitakavyogawanywa itazua mvutano wake, kwa sababu mtaa wa wapangaji huhama: waliokuwapo 2009 wamesambaa, na waliopo leo si wote walivuta moshi ule. Katika orodha yoyote itakayotengenezwa, sehemu moja ni rahisi kuisahau. Wasichana waliokuwa watoto wakati wa tanuru sasa wako katika umri wa kuzaa, na risasi ya mifupani husubiri mimba. Kliniki za wajawazito za Mikindani na Jomvu tayari huchukua damu ya kila mama kwa ajili ya wingi wa damu, kundi la damu na VVU. Kuongeza swali moja, "uliishi Owino Uhuru kati ya 2007 na 2014?", na kipimo kimoja kwa atakayejibu ndiyo, pamoja na vidonge vya kalsiamu na madini ya chuma, hakuhitaji kesi nyingine wala rufaa nyingine. Kunahitaji waraka wa ukurasa mmoja kutoka idara ya afya ya kaunti.